Nani Aliyefukua Jaa Usiku? Ulinganisho wa Wanyama Pori Wanaokula Mabaki Karibu na Nyumba za Vijijini

Asubuhi jaa likikutwa limefukuliwa, mfuniko wa pipa uko chini na manyoya yametapakaa hadi njiani, mnyama wa kwanza kutajwa huwa ni fisi. Katika sehemu nyingi za Afrika zenye mbuga na vichaka tuhuma hiyo yaweza kuwa ya kweli, lakini kwa uzoefu wangu anayetuhumiwa huwa mkubwa kuliko aliyetenda, na ukichunguza vizuri unagundua kuwa aliyepita ni mnyama asiyefika magotini pa mtu mzima, au ni mbwa wa jirani aliyeachwa huru usiku. Kumtambua kwa uhakika kuna faida ya moja kwa moja, kwa sababu kinga inayomzuia mmoja haimzuii mwingine: uzio wa miiba unaomrudisha mbweha hauna maana kwa kanu anayepita juu ya paa, na mfuniko unaomshinda fungo haumshindi nyegere mwenye makucha ya kuchimba.

Alama za kulinganisha hazilingani uzito. Mimi huanza na nyayo, kisha kinyesi, kisha namna chakula kilivyoliwa. Sauti huja baada ya hapo, na rangi ya macho kwenye mwanga wa tochi huiweka mwisho kabisa. Karibu wanyama wote wanaotembea usiku macho yao huakisi mwanga, na rangi hubadilika kulingana na pembe ambayo mwanga umepiga, kwa hiyo anayeapa kuwa aliona macho ya kijani na hivyo alikuwa chui hajasema jambo la kutegemewa. Kinachofaa zaidi kukumbuka ni kimo cha macho hayo kutoka ardhini, na kama yalikuwa juu ya ukuta au mtini.

Nyayo nazo hazisomeki pasipoandaliwa mahali pa kuzipokea. Jioni, kabla giza halijaingia, tandaza majivu au mchanga laini kuzunguka jaa kwa upana wa hatua moja, ulainishe kwa ufagio au kwa ubapa wa ubao, na urudi alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, kwa maana miguu yao ikishapita hakuna kitakachosomeka. Jua likiwa bado limeinama, kila unyayo hujaa kivuli upande mmoja na kingo zake huonekana wazi. Saa sita mchana unyayo uleule huwa kama umefutwa. Kiberiti cha kawaida kina urefu wa sentimita 5 hivi, na kukiweka kando ya unyayo kabla ya kupiga picha kunatosha kuwa kipimo.

Fisi na mbwa

Wote wawili huacha unyayo wa vidole 4 wenye alama za makucha, na mbwa mkubwa anaweza kuwa na unyayo unaokaribia ule wa fisi madoa, ambao wa mguu wa mbele una urefu wa karibu sentimita 10, yaani viberiti viwili. Kwa hiyo ukubwa peke yake hautoshi. Tofauti ya kwanza ni umbo la ule mto wa nyama ulio nyuma ya vidole. Wa mbwa una umbo la pembetatu na pande zake mbili zinalingana, lakini wa fisi umeinama upande, kana kwamba umekatwa kwa kisu kilichoshikwa mshazari. Vidole vya fisi vimebanana na vimejipinda kama maharage, na makucha yake ni butu. Tofauti ya pili iko kati ya mguu wa mbele na wa nyuma. Fisi ana mabega makubwa na kiuno kilichoshuka, na uzito wake mwingi uko mbele, hivyo unyayo wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma kwa namna inayoonekana bila kupima. Kwa mbwa tofauti hiyo ni ndogo.

Kinyesi cha fisi karibu kinamaliza ubishi. Kikiwa kibichi kina rangi ya kijani, na kikikauka huwa cheupe kama chokaa kutokana na madini ya mifupa aliyoila, na ndani yake huonekana nywele na vipande vya mfupa. Fisi madoa wana tabia ya kurudi kujisaidia mahali pamoja, kwa hiyo kinyesi cheupe cha siku mbalimbali kikikutwa kwenye eneo moja, hiyo ni dalili kuwa hawapiti tu bali wanaishi karibu. Wakati mwingine hutapika madonge ya nywele, na kwenye mabua ya majani hupaka ute mzito wenye harufu kali, unaotoka kwenye tezi zilizo chini ya mkia.

Mfupa wenyewe nao hutoa ushahidi. Mbwa hutafuna ncha za mfupa wa paja ambako ni laini, huliacha bomba la katikati, na mara nyingi mfupa hukutwa hatua chache kutoka jaani. Fisi madoa, mwenye uzito unaoweza kufikia kilo 80, huuvunja mfupa huohuo katikati na kumeza vipande, na asubuhi huwa hakuna mfupa wa kutazama. Jaa lililokuwa na mifupa mikubwa likikutwa halina hata kipande, wakati taka nyingine zimetawanywa, mimi huamini fisi kabla hata sijainama kutafuta nyayo.

Sauti yake nayo ni ya pekee: mlio mrefu unaoanza chini na kupanda ghafla mwishoni, ukirudiwa mara kadhaa, na unaosikika kilomita kadhaa usiku ukiwa mtulivu. Hata hivyo kuusikia mlio huo hakumaanishi kuwa mwenye mlio ndiye aliyefika uani. Tena yuko fisi mistari, wa maeneo makavu zaidi, ambaye ni mdogo, ana manyoya marefu ya shingoni na mgongoni anayoyasimamisha anapotishwa, hutembea peke yake na ni mkimya sana. Huyo anaweza kuja na kuondoka mwezi mzima bila kusikika.

Mbweha na fungo

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na nitakaa kidogo kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea hapa. Niliwahi kukuta kwenye majivu nyayo za vidole 4, zenye alama fupi za makucha, kila moja ikitoshana na kiberiti. Nikaandika mbweha na kushauri uzio uzibwe chini. Mashimo ya uzio yalizibwa, na taka ziliendelea kufukuliwa. Siku ya tatu, kando ya njia inayoelekea kisimani, nilikuta lundo la kinyesi kingi kuliko nilivyotarajia kwa mnyama wa ukubwa ule, na nilipolitenganisha kwa kijiti nikaona kokwa za matunda ya porini, majani yaliyomezwa mazima, na pete nyingi ngumu zinazong'aa, ambazo ni magamba ya jongoo. Mnyama anayekula jongoo kwa wingi kiasi hicho ni fungo.

Kilichonipoteza ni kwamba fungo, ambaye wengine humwita ngawa au paka wa zabadi, ana vidole 5, lakini kile cha kwanza kiko nyuma na juu kidogo, na mara nyingi hakigusi ardhi. Unyayo wake hivyo huonekana wa vidole 4 kama wa mbweha. Ukiziweka picha za nyayo zao bega kwa bega, wa fungo ni wa mviringo na vidole vyake vimetanuka, na wa mbweha ni mwembamba, mrefu kuliko upana, na vidole viwili vya katikati vimetangulia mbele kabisa. Mstari wa safari nao husaidia. Mbweha anayetembea kwa utulivu huweka mguu wa nyuma karibu palepale ulipotoka wa mbele, na nyayo zake huenda kama zimefungwa kwenye kamba iliyonyooka. Mbwa mdogo wa nyumbani, ambaye unyayo wake hufanana sana na wa mbweha, hupinda huku na huku, hurudi, hunusa, hukimbia bila sababu. Mbweha hana nafasi ya kuzurura namna hiyo karibu na watu.

Kuhusu chakula, mbweha, ambaye uzito wake ni kati ya kilo 6 na 13 hivi, huchukua kipande na kuondoka nacho. Akipata kingi hufukia sehemu ardhini ili arudi baadaye, na vishimo vidogo vilivyofukiwa upya umbali mfupi kutoka jaani ni dalili nzuri. Mara nyingi huja wawili, dume na jike. Fungo huja peke yake, hula palepale, na hupenda matunda yaliyooza, wadudu na mabaki laini kuliko mifupa. Yeye hurudi kujisaidia mahali palepale, na hupaka zabadi kwenye vigogo na nguzo za uzio, harufu ambayo aliyewahi kuinusa haisahau. Mbweha hupenda kuacha kinyesi chake kidogo chenye ncha juu ya jiwe, kichuguu au kichaka kifupi, mahali ambapo upepo utaieneza harufu yake.

Katika kuchagua kati ya hawa wawili, basi, kama kuna unyayo mmoja tu na hakuna kinyesi, ni afadhali kusema sijui na kusubiri usiku mwingine kuliko kuanza kujenga.

Nyegere

Baada ya ugumu huo, nyegere ni rahisi kumtambua. Unyayo wake unaonyesha vidole 5, na alama za makucha ya mbele ziko mbali na vidole, kwa sababu makucha hayo hufikia karibu sentimita 4. Mtu asiyemjua hudhani kuna aliyechoma udongo kwa uma mbele ya unyayo. Jaa lililopitiwa na nyegere huonekana limechimbwa na si kutawanywa tu: mawe yamepinduliwa, magogo yamesukumwa, kuta za banda la udongo zimetobolewa kwa chini, na kama kuna mizinga ya nyuki karibu, hiyo ndiyo atakayoianza. Ana harufu kali anapotishwa. Pipa jepesi hata lingefungwa vipi halimzuii, kwa kuwa hulipindua na kulikwaruza mpaka lifunguke. Pipa la chuma lililofungwa kwenye nguzo ndilo linalomkatisha tamaa.

Wadogo wanaochanganywa na paka

Kanu, paka wa nyumbani na paka-mwitu wote huficha makucha wanapotembea, kwa hiyo unyayo wao ni duara dogo lenye vidole 4 bila alama ya kucha. Wa kanu ni mdogo zaidi, kwa kuwa uzito wake ni kilo 1 hadi 3 tu, lakini paka mchanga anaweza kuleta utata. Mahali pa kutafuta jibu ni juu. Kanu ni mpandaji hodari, mwenye mwili mrefu wenye madoa na mkia wa pete unaokaribia urefu wa mwili wake, na mara nyingi huingia kupitia darini, kwenye tundu ambalo mtu hadhani lingempitisha mnyama. Kinyesi chake hukutwa juu ya paa, kwenye panda ya mti au juu ya mwamba. Paka huchimba na kufukia chake. Kuku aliyeuawa na kichwa chake kikaliwa katika banda ambalo mlango wake haukuguswa humwelekea kanu, ingawa hilo pekee si ushahidi wa kumtia hatiani.

Nguchiro hutofautiana nao kwa alama za makucha, ambazo huonekana wazi mbele ya vidole, na kwa saa. Nguchiro miraba huja mchana, tena kwa kundi, wakichakura kila mahali na kuacha vishimo vidogo vyenye umbo la funeli. Mayai huyarusha kwa nyuma, katikati ya miguu, mpaka yapasuke kwenye jiwe, na maganda yaliyorundikana chini ya jiwe au ukuta huwasema wazi. Yuko pia nguchiro mkubwa mwenye mkia mweupe, ambaye ni wa usiku na hutembea peke yake.

Mayai yakipotea mchana bila ganda lolote, tazama kama kati ya nyayo za kushoto na za kulia kuna mstari uliochorwa ardhini kama wa fimbo iliyoburutwa. Huo ni mkia wa kenge, naye hula mizoga na mabaki bila kuchagua.

Wasiotegemea nyama pia huja. Nungunungu huacha miiba, na kinyesi chake ni vipande virefu vyenye nyuzinyuzi, vya umbo la tende. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba huguguna mifupa mikavu ili kupata madini na kunoa meno, akiacha mifereji mipana iliyo sambamba, tofauti na vitobo na mipasuko ya meno ya mbwa. Nguruwe pori hulima ardhi kwa pua na kuacha alama za kwato. Nyani huja mchana na alama zake ni za viganja, na hakuna mnyama mwingine katika orodha hii anayeweza kufungua kifuniko kwa vidole badala ya kukiangusha.

Ndege

Uharibifu wa mchana usio na nyayo za miguu minne ni wa ndege mpaka ithibitishwe vingine. Kunguru hudonoa mfuko vitobo vidogo na kuvuta taka kipande kimoja kimoja. Mwewe hunyakua kutoka angani na hashindani na mtu aliyekaa karibu. Tumbusi hutafuta mzoga kwa macho, kwa hiyo mzoga ulioliwa kati ya magharibi na alfajiri si kazi yao. Wakila wao, mifupa mikubwa hubaki mizima, ikiwa safi na bado imeshikana, ngozi imegeuzwa ndani nje, na pembeni kuna manyoya na michirizi myeupe ya kinyesi. Linganisha na fisi, ambaye hupunguza idadi ya mifupa yenyewe.

Mahali ambapo kukosea ni hatari

Unyayo wa chui una vidole 4 bila makucha, kama wa paka, ila urefu wake unakaribia sentimita 8 au 9, na ukingo wa nyuma wa ule mto una mabonde mawili yanayouacha na vinundu vitatu. Mstari wa kuburuza unaoishia kwenye shina la mti wenye mikwaruzo unathibitisha. Ukikuta hivyo, acha uchunguzi, waingize watoto ndani na uwaarifu wahusika wa wanyamapori.

Mbweha au nguchiro anayesimama karibu na watu mchana bila woga, anayeyumba au kudondosha mate, asichukuliwe kuwa amezoea makazi, kwa sababu hizo ni dalili za kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo, bila kungoja kuona kama ataugua, kwa maana dalili zikishajitokeza ugonjwa huo karibu kila mara huua. Kinyesi nacho kichunguzwe kwa kijiti na si kwa mikono mitupu, kwani cha mbwa na jamaa zake wa porini kinaweza kuwa na mayai ya tegu yanayosababisha uvimbe kwenye ini na mapafu ya binadamu.

Na sumu isitumike kwa yeyote kati ya hawa. Nyama iliyotiwa sumu haichagui: anayelengwa ni fisi, wanaokufa ni mbwa wa nyumbani, fungo, mwewe, na tumbusi kwa makumi juu ya mzoga mmoja. Mwaka 2015 aina 4 za tumbusi wa Afrika zilipandishwa katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, hadi daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na sumu ni miongoni mwa sababu kubwa. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu eneo likikosa tumbusi, mizoga huoza muda mrefu zaidi na mbwa huongezeka.

Nyayo zinapopishana

Mara nyingi majivu ya asubuhi hayana jibu moja. Nyayo za mbwa, za fungo na za nyegere zinaweza kukutwa pamoja, na hapo swali la kujiuliza ni nani alitangulia. Unyayo uliokanyaga mwingine ni wa aliyekuja baadaye. Ule uliovunjwa kingo ni wa wa kwanza. Kama ilinyesha mvua fupi usiku, nyayo zenye vitobo vya matone ni za kabla ya mvua na zile laini ni za baada yake. Rudia kutandaza majivu kwa usiku 3 au 4 mfululizo na uandike mpangilio kila asubuhi, au ufunge kamera ya mtego, ile inayopiga picha yenyewe mnyama anapopita, ikiwa inapatikana, ukiielekeza kwenye njia ya kuingilia na si kwenye jaa lenyewe, ili mnyama apigwe picha ubavuni ambako madoa, miraba na mkia huonekana vizuri. Mbwa aliyefumaniwa jaani alfajiri huenda alikuta pipa tayari limeangushwa na nyegere saa sita za usiku, na kumfunga mbwa huyo peke yake hakutaliacha pipa limesimama kesho yake.